Nyumba ya wageni ya Mji wa Kale, Mombasa: tathmini ya mgeni kutoka Tanga

Nyumba ninayoitathmini iko Mji wa Kale, Mombasa, katika vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka ngome ya Fort Jesus. Ni nyumba ya ghorofa tatu iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na ilikuwa makazi ya ukoo mmoja kabla ya warithi kuigawa vyumba na kuanza kupokea wageni. Jina lake naliacha kwa makusudi, kwa kuwa kasoro nitakazozitaja nimezikuta pia katika nyumba nyingine za aina hii mjini humo, na si haki mmoja abebe lawama za wengi. Mimi ni mfanyabiashara wa leso, yaani kanga, na vitambaa, mkazi wa Tanga, na shughuli zangu hunivusha mpaka kila bidhaa zinapopungua dukani. Hukumu yangu naitoa mapema: kila kitu kilichotegemea mikono ya watu wa nyumba ile kilikuwa kizuri kuliko nilivyotarajia, na karibu kila kitu kilichotegemea simu na makaratasi kilinikera, kwa sababu utaratibu wao umepangwa kwa ajili ya Mkenya mwenye laini yake na Mzungu mwenye kadi ya benki, na jirani anayetokea Horohoro, mpakani upande wa Tanzania, amesahaulika.

Safari yenyewe si ndefu. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kama kilomita 65 za lami, na kutoka Lunga Lunga, mpakani upande wa Kenya, hadi kivuko cha Likoni ni kama kilomita 100, kwa hiyo anayeondoka alfajiri anaweza kula chakula cha mchana Mombasa, mradi asikwame mpakani. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda hutembeleana kwa kitambulisho cha taifa peke yake, lakini sisi Watanzania hatumo katika mpango huo, hivyo ni lazima mtu awe na pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na ni busara kubeba cheti cha chanjo ya homa ya manjano hata kama safari iliyopita hakuna aliyekiuliza. La kushukuru ni kwamba siku hizi maofisa wa uhamiaji wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, na mihuri miwili, wa kutoka na wa kuingia, inagongwa katika jengo lile lile. Wabadilishaji wa fedha wanaozunguka nje ni habari nyingine. Shilingi moja ya Kenya ni takriban shilingi 20 za kwetu, hesabu ambayo kila mtu anaiweza akiwa ametulia, lakini haiwezekani kirahisi ukiwa umezungukwa na vijana watatu wanaozungumza kwa pamoja huku kondakta wa basi akipiga kelele kwamba gari linaondoka. Zihesabu noti mwenyewe, moja moja, na uifungue kila iliyokunjwa, maana noti iliyokunjwa katikati huhesabika mara mbili.

Nayataja hayo katika tathmini ya nyumba ya wageni kwa sababu ujumbe wa kuthibitisha nafasi niliotumiwa ulieleza kwa kirefu namna ya kufika kutoka uwanja wa ndege wa Moi na kutoka kituo cha reli cha Miritini, ukaeleza hata nauli za teksi, lakini haukuwa na sentensi moja kwa ajili ya anayekuja kwa basi kutoka kusini. Mtu huyo anahitaji kuambiwa mambo machache tu: kwamba katika kivuko cha Likoni abiria wa miguu hawalipi chochote, kwamba basi likichelewa katika foleni ya magari anaweza kushuka na kuvuka peke yake, na kwamba ng'ambo ya pili kuna tuktuk zinazofika hadi mlango wa Mji wa Kale. Magari sasa yana njia nyingine, ya Dongo Kundu, inayoepuka kivuko kabisa, lakini kwa anayeelekea Mji wa Kale mimi bado napendelea Likoni. Kivuko kile kinapoondoka na umati wake, wauza njugu, baiskeli na mikokoteni iliyosheheni, huku meli kubwa zikipita kuelekea Kilindini, mtu anapata dakika chache za upepo ambazo hakuna tiketi ya kuzilipia.

Sasa nije kwenye malipo, ambako ndiko nilikokereka zaidi. Nyumba ile inadai nusu ya malipo kabla mgeni hajafika, na inataka zipitie namba yake ya Lipa na M-Pesa. Mtu wa Tanga akisoma hivyo hushusha pumzi, kwa kuwa M-Pesa anaijua. Ilianza Kenya mwaka 2007 na ikaingia Tanzania mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 imewezekana kutuma fedha kutoka simu ya Tanzania kwenda simu ya Kenya. Lakini kutuma kwa mtu ni jambo moja na kulipa kwa namba ya biashara ni jambo jingine. Laini yangu ya nyumbani iliikataa namba yao, na nilipowaomba namba ya kawaida ya mtu ili nitume huko, nilijibiwa kwamba mhasibu haruhusu, kwa sababu fedha zikiingia kwenye simu ya mtu hazionekani katika hesabu za nyumba. Sababu hiyo naielewa, kwa kuwa na mimi nina duka. Nisichokielewa ni kwa nini njia pekee iliyobaki ilikuwa kadi ya benki yenye makato juu yake, au kufika bila uhakika wa chumba.

Nilifika bila uhakika. Katika ukumbi wa chini, nyuma ya meza yenye daftari kubwa la wageni na simu iliyosimamishwa ndani ya bilauri, alikuwa kijana mmoja mwenye adabu sana ambaye alishika simu yangu, akaitazama, akairudisha kwa mikono miwili.

"Mama, samahani, hii M-Pesa si yetu."

"Ni hiyo hiyo, mwanangu, ila ya kwetu."

"Ndiyo, Mama, lakini mashine haitaijua."

Akaanza kunieleza kwamba kwa kuwa mimi si Mkenya wala mkazi, bei yangu ni ile ya dola, na kwamba ningeweza kulipa kwa kadi. Orodha ya bei iliyobandikwa ukutani ilikuwa na safu mbili tu, ya wakazi na ya wasio wakazi, na tofauti kati yake ilikuwa karibu maradufu. Hapo ndipo mwenye nyumba, ambaye watumishi wote humwita Bi Mkubwa, aliposhuka ngazi pole pole, mkono mmoja ukutani, akauliza ninatoka wapi.

"Tanga, shikamoo."

"Marahaba. Mtu wa Tanga tangu lini akawa mgeni wa dola? Mpe bei ya hapa. Na mwache apande akaoge kwanza, fedha atalipa akishatulia."

Basi nikalipa bei ya hapa, kesho yake, kwa fedha taslimu. Nilifurahi, na bado nasema kwamba huo si utaratibu. Siku Bi Mkubwa akiwa amelala au amesafiri, Mtanzania atakayesimama mbele ya meza ile atalipa dola, kwa sababu kijana wa watu anafuata karatasi iliyo ukutani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na hatua chache kutoka hapo, Fort Jesus, viingilio vya makumbusho vina daraja la watu wa Afrika Mashariki, kati ya raia wa Kenya na wageni wa mbali. Kuongeza safu ya tatu katika orodha ya bei ni kazi ya kalamu na rula.

Kuhusu fedha taslimu, kuna kero moja ndogo iliyonifuata kila mahali: chenji. Noti ya shilingi 1,000 ya Kenya, ambayo kwa hesabu zetu ni kama noti mbili za 10,000, humfanya muuza kahawa au dereva wa tuktuk aangalie pembeni kama umemtukana. Mji umezoea kulipana kwa simu kiasi kwamba anayetoa noti anaonekana mkorofi. Dawa yake ni kununua laini ya Kenya mara tu unapofika. Wanakuandikisha kwa pasipoti, na kuanzia hapo hata muuza madafu wa pembeni mwa barabara anakuwa mtu wa kueleweka. Nyumba ya wageni ingefaa kulisema hilo katika ujumbe wake wa kwanza, tena ingeweza kumtuma yule kijana akupeleke kwa wakala, ambaye yuko mtaa wa pili.

Chumba nilichopewa kilikuwa safi, na usafi wenyewe si wa juu juu. Kitanda ni cha kizamani, cha miguu ya kuchongwa, chandarua hakina tundu, na shuka zilikuwa na harufu ya udi, hafifu, ya kabati lililofukizwa na si ya manukato ya kupuliza. Feni ya darini inazunguka bila kutoa mlio. Dirisha lina mbao za kukunja zinazopitisha upepo huku zikimficha aliye ndani, na mtu akikaa pale alasiri anaona paa za mabati, matangi ya maji, na kipande chembamba cha bahari kati ya kuta mbili. Ngazi, kwa upande mwingine, ni nyembamba na zimesimama wima mno. Mzee au mgonjwa wa magoti asikubali chumba cha juu hata akisifiwa vipi.

Maji yanahitaji maelezo, kwa kuwa anayetoka mahali penye maji ya bomba ya uhakika atashangaa. Kisiwa cha Mombasa hakina mto, na maji yake matamu hutoka mbali, mengine chemchemi za Mzima zilizo zaidi ya kilomita 200 ndani ya Tsavo, kwa hiyo bomba likikauka mji hutegemea visima na wauzaji wanaosukuma mikokoteni ya mitungi. Bomba la bafuni kwangu lilitoa maji ya kisima, yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu ndani yake hata ukiisugua mpaka iishe. Kilichonifurahisha ni kwamba kila jioni nilikuta bafuni ndoo yenye mfuniko, imejaa maji matamu, na kata ya kuchotea juu yake, ya kujisuuzia mwisho na kuoshea nywele. Hakuna aliyenitangazia ndoo hiyo wala aliyeiandika katika bili. Msichana wa usafi aliponiona napanda na mtandio umeloa jasho, alisema tu, "Maji yako nishakuwekea, Mama." Nimelala katika hoteli zenye nyota ambako hakuna aliyewahi kufikiria kuhusu nywele zangu.

Chakula cha asubuhi ndicho kitakachonirudisha. Mahamri yanakuja ya moto, yameumuka, ukiyapasua yana uwazi ndani na mvuke wenye harufu ya iliki, wala hayaachi mafuta kwenye vidole. Mbaazi zimepikwa mpaka zimelainika bila kupondeka. Tui zito linatiwa mwishoni, moto ukiwa mdogo, ili lisikatike, na pilipili mbichi inaachwa nzima ili anayeitaka aibonyeze mwenyewe. Chai ni ya maziwa, ya tangawizi, inaletwa ndani ya birika la chupa ili isipoe. Siku moja tuliongezewa viazi karai na ukwaju, vya moto bado, unga wake wa njano ukiwa mwembamba kiasi cha kumwonyesha kiazi ndani. Mpishi ni mama wa makamo ambaye hakubali sifa. Nilipomwambia mbaazi zake zimenishinda kwa utamu, alijibu kwamba siku hiyo nazi haikuwa nzuri.

Ila chakula hicho hakianzi kabla ya saa mbili asubuhi, na hapo narudi kwenye kulalamika. Msafiri wa basi la kwenda Tanga au Dar es Salaam hana saa mbili. Saa hiyo anapaswa awe ameshafika kituoni Mwembe Tayari au awe njiani. Nilipouliza kama naweza kupata chai mapema siku ya kuondoka, kijana wa mezani alisema jiko halijafunguliwa saa hizo, kisha mpishi, aliyesikia kupitia dirishani, akapaza sauti kwamba yeye huamka kwa ajili ya sala na kwamba mahamri yatakuwa tayari. Nilikuta bahasha ya karatasi mezani, ya joto, imefungwa kwa uzi. Ni mfano mwingine wa nyumba hii kuokolewa na watu wake dhidi ya kanuni zake.

Kanuni hizo, nikizitaja, zimebandikwa nyuma ya kila mlango kwa Kiingereza na Kijerumani. Kiswahili hakimo. Hii ni nyumba ambayo kuanzia kwa mpishi hadi kwa Bi Mkubwa wanazungumza Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, kutwa nzima, katika mtaa ambao umezalisha washairi tangu enzi za Muyaka, na wageni niliowakuta wakati huo wengi walikuwa Waswahili: wafanyabiashara wa Lamu, familia moja kutoka Nairobi, na mzee wa Kipemba aliyekuja kumwona ndugu yake. Mzee huyo ndiye aliyefungiwa nje, kwa sababu karatasi inasema lango hufungwa saa nne usiku na yeye hakuweza kuisoma. Alikaa barazani na mlinzi wa jirani, wakanywa kahawa, mpaka alipofunguliwa. Asubuhi alilisimulia kwa kicheko, mimi sikucheka. Karatasi ya tatu kando ya zile mbili ingemwepusha na yote hayo.

Mahali penyewe ni pazuri kwa anayependa kutembea kwa miguu. Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, uko humo humo Mji wa Kale. Fort Jesus, ambayo Wareno waliianza mwaka 1593 na kunyang'anywa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, inafaa kwenda asubuhi kabla jua halijakaza. Jioni wauza kahawa chungu hutoka na madele yao, na kashata, na mtu anakaa. Marikiti kwa viungo si mbali. Kwa mtu wa kazi kama mimi, faida kubwa ni kuwa karibu na Biashara Street, ambako duka la Kaderdina Hajee Essak, wenye leso za Mali ya Abdulla, limekuwa na jina tangu mwaka 1887. Nilinunua mzigo, na nyumba ya wageni ilikubali kuuhifadhi katika chumba kilichofungwa kwa kufuli hadi nilipoondoka, bila kunitoza chochote. Kelele zipo: pikipiki hupita katika vichochoro ambavyo punda mwenyewe angesita kuingia, na pampu ya maji ya nyumba huwashwa usiku wa manane, wakati umeme na maji vinapopatikana kwa pamoja. Adhana ya alfajiri siihesabu kuwa kelele, lakini anayelala kwa shida ajue kwamba misikiti ni mingi na iko karibu.

Bei niliyolipa ilikuwa shilingi 3,500 za Kenya kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi, yaani kama shilingi 70,000 za Tanzania. Kwa bei hiyo nawashauri wafanyabiashara wenzangu na wenye ndugu Mombasa waende, na watafurahi. Kwa bei ya dola nisingekwenda, na simshauri mtu aende, kwa sababu kwa kiasi hicho kuna hoteli za Nyali zenye maji matamu bombani na lifti. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, piga simu badala ya kuandika, omba kuzungumza na Bi Mkubwa mwenyewe, msalimie ipasavyo, useme unatoka Tanzania na utalipa taslimu kwa shilingi, na upate neno lake kuhusu bei. Muulize pia saa ya kufungwa lango, na umwambie mapema kama unaondoka na basi la alfajiri. Chumba cha kuomba ni cha ghorofa ya pili upande wa bahari. Vile vya chini, hata wakisema ni vikubwa zaidi, vimepakana na pampu.